Jinsi ya kulisoma jumba la Stowe, jumba la mabwana lililogeuka shule

Wengi wakifika Stowe, kule Buckinghamshire Uingereza, wanapiga picha zile nguzo za mbele, wanazunguka bustani, wanaondoka. Utamu wote wanauacha pale pale. Lile jumba linasomeka ukijua pa kuanzia, na iwe umeenda mwenyewe au unaangalia picha kwenye simu njia ni ileile: kila ukiona kipande cha jengo uliza nani alilipa na hela ilitoka wapi.

Anza upande wa kaskazini, ndo ulikokuwa mlango wa kupokelea wageni. Ile sehemu ya katikati ndani yake kuna nyumba ya matofali aliyojenga Sir Richard Temple kati ya 1677 na 1683, ila ukienda kuitafuta kwa macho huioni, kwa sababu kila mrithi alikuja na fundi wake akaivisha sura mpya. Familia yenyewe, akina Temple, ilianza na ufugaji wa kondoo, walikodi ardhi hiyo mwaka 1571, baadaye wakainunua. Alafu angalia zile safu za nguzo zilizopinda kushoto na kulia. Ni nzuri sana lakini zina kazi, zinaficha majiko, mazizi ya farasi na watumishi wote waliokuwa wanahangaika huko nyuma ili bwana na wageni wake wasione jasho la mtu.

Sasa zunguka kusini, na tafadhali usisimame karibu, shuka mpaka kwenye ziwa ndo ugeuke. Hii sura ilichorwa na msanifu Robert Adam mwaka 1771, Thomas Pitt, ambaye ni ndugu wa familia, akaibadilisha, ikakamilika 1779. Linganisha pande mbili hizi. Kaskazini panakupokea, kusini pamejengwa paonekane kutoka mbali na wapinzani wao wa siasa waone.

Hela je? Ndoa, kwa sehemu kubwa. Waliendelea kuoa mabinti wa matajiri mpaka jina la ukoo likawa Temple-Nugent-Brydges-Chandos-Grenville, na kila jina hapo ni mali iliyoingia. Kupitia ndoa mojawapo likaja shamba la Hope kule Jamaica, lililolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Hapo usiparuke hata kidogo, maana ukisifia dari bila kulitaja lile shamba umesoma nusu ya jengo.

Ndani, muda wako mwingi umalizie kwenye ukumbi wa duara la yai unaoitwa Marble Saloon. Juu kuna kuba lenye kimo cha kama mita 17 kutoka sakafuni, limeigwa kwenye Pantheon, hekalu la kale la Roma, mwanga unashuka kutoka juu peke yake. Nguzo 16 nyekundu zinazokuzunguka sio marumaru, ni plasta iliyochanganywa rangi na gundi ikasuguliwa mpaka ikang'aa, na kazi hiyo ni ngumu kweli. Kisha inua macho utafute ule mkanda wa sanamu unaozunguka ukumbi, mamia ya watu na wanyama kwenye maandamano ya ushindi ya Kirumi, tembea nao taratibu mpaka urudi ulipoanzia.

Kitu kingine ni kuangalia kisichokuwepo. Vyumba vingi vina kuta tajiri lakini vitupu, na jibu liko mwaka 1848. Duke wa 2 wa Buckingham na Chandos, mwenye jumba wakati huo, alimkaribisha Malkia Victoria mwaka 1845 kwa gharama za kutisha wakati tayari madeni yanamzidi, yakapita pauni milioni moja, akafilisika, vitu vya ndani vikapigwa mnada siku 40 mfululizo. Ile picha maarufu ya Shakespeare iliyoko London, inayoitwa Chandos, iliuzwa hapo. Mwaka 1921 ikawa zamu ya jumba lenyewe kuuzwa na kulikuwa na hatari ya kweli libomolewe.

Shule ndo iliyoliokoa, mimi nalisema hilo bila kusita. Ilifunguliwa Mei 1923 na wavulana 99, mwalimu mkuu J. F. Roxburgh, na msanifu Clough Williams-Ellis akapewa kazi ya kugeuza nyumba ya starehe kuwa mahali pa kulala na kusomea watoto. Kwa hiyo ukiingia chumba chochote uliza mara mbili, zamani kilikuwa nini na shule imekifanya nini. Ukumbi wa karamu ukawa wa kulia wanafunzi, ile maktaba aliyoichora msanifu John Soane ikawa ofisi ya mwalimu mkuu.

Kabla hujaenda hakikisha siku, hii ni shule inayofanya kazi na nyumba inafunguliwa kwa utaratibu wake, bustani ziko chini ya National Trust, shirika la kutunza majengo na bustani za kihistoria. Na ukiwa bustanini pitia Temple of Concord, jengo la bustanini lenye sura ya hekalu la kale. Shule ilipojenga kanisa lake miaka ya 1920 ilichukua nguzo kutoka hapo ikazipeleka ndani ya kanisa, kwa hiyo baadhi ya nguzo unazoziona leo ni mpya, zilisimamishwa kwenye ukarabati wa National Trust, zikague kwa karibu uone kama utazitofautisha na za zamani.