Jinsi ya kujichunguza kama hela imeshaanza kukutawala

Wapendwa, soma 1 Timotheo 6:9-10 taratibu. Paulo anawataja wale WANAOTAKA kuwa na mali, yani hata ambaye bado hajaipata yumo, kwaiyo usiseme mi nimepanga chumba Mbagala, hayo mambo ni ya watu wa Masaki. Mtu ana buku mbili tu mfukoni na bado usiku hasali, anapiga hesabu za mkeka wa kubeti. Na Paulo anasema wengine walipoitamani fedha walifarakana na imani, hapo ndo penye hatari yenyewe, unatoka kwa Mungu huku Jumapili bado upo kwenye kiti.

Kujichunguza usianzie moyoni, moyo utakutetea. Anzia kwenye simu. Tafuta jioni moja yenye utulivu, omba kwanza, alafu fungua meseji za miamala za mwezi uliopita usome moja moja, hii ilienda wapi na kwa nini na nilikua nimemwambia nani SINA siku hiyohiyo. Mama kaomba elfu kumi ya dawa ukamjibu mtandao unasumbua, nusu saa baadae umeweka elfu ishirini kwenye mechi. Hiyo usiipite haraka, andika kwenye karatasi.

Kisha angalia cha juu, ile hela unayoongeza kwenye bei ya mwenzako kwa siri. Hapa naomba tukae kidogo maana hapa Dar tumeshazoea mpaka tunaona ndo akili ya mjini. Ndugu yako wa mkoani kakutuma Kariakoo umnunulie mzigo, bei elfu 18 we unamwambia 23. Sasa soma 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa Shamu, kapona ukoma bure, nabii Elisha kakataa kupokea chochote, Gehazi mtumishi wake akamkimbilia yule mgeni njiani akatunga habari ya vijana wawili wa manabii waliofika, akaomba talanta moja na mavazi mawili, Naamani akambembeleza achukue talanta mbili. Akaficha nyumbani, alafu akaenda kusimama mbele ya bwana wake kama kawaida, akaulizwa umetoka wapi, akasema sikwenda popote. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye.

Kinachonitisha ni kwamba Gehazi alikua anaishi na nabii, miujiza kaiona kwa macho yake! Kwaiyo kuimba kwaya au kushika sanduku la jumuiya hakukukingi na chochote, na uongo ukishaanza kutoka mdomoni bila aibu kwa ajili ya hela ujue dhamiri imeanza kufa ganzi.

Ukigundua umekula cha mtu, kutubu kwa Mungu peke yake hakutoshi, rudisha. Zakayo mtoza ushuru alisema atarudisha mara nne (Luka 19:8). Sheria kwenye Hesabu 5:7-8 ilitaka urudishe yote kamili na uongeze sehemu ya tano, na kama mwenyewe hayupo apewe jamaa yake wa karibu, na kama hana jamaa ikabidhiwe kwa Bwana kupitia kuhani. Anza na mtu mmoja. Mtumie na umwambie ni ya nini, usijifiche kwenye neno zawadi, na kama huna zote mwambie utalipa kwa awamu gani. Utaona aibu sana, vumilia tu, aibu hiyo inatibu.

Kuhusu wanaokwambia tuma mbegu kwenye namba hii upokee muujiza, Petro alishamjibu Simoni pale Samaria aliyetaka kununua karama ya Mungu kwa hela (Matendo 8:20), fedha yako ipotelee mbali pamoja nawe. Sadaka toa, tena toa mpaka uisikie, ila toa kimya kimya bila kuweka status, na usitoe ukitegemea faida, maana hapo utakua umehamishia tamaa yako kanisani.

Chagua pia siku moja ya kufunga biashara kabisa. Najua Kariakoo ushindani ni mkali, jirani akifungua na we umefunga roho inauma, na huko kuuma ndo unakokuchunguza: je unaamini Mungu anakulisha au unaamini ile fremu ya duka?

Mwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, usiutafutie mkopo mwingine kuulipia. Kaa na mume au mke wako leo usiku, taja kiasi chote bila kupunguza, kisha kabla ya kulala msali pamoja ile sala ya Aguri kwenye Mithali 30:8-9, anayeomba asipewe umaskini wala utajiri bali chakula cha kumtosha. Kesho yake nendeni wote wawili kwa mchungaji au mzee wa kanisa mnayemwamini awasaidie kupanga kipi kilipwe kwanza na kipi kiuzwe.