Breki za Corolla ya zamani: sawazisha kwanza, nguvu baadaye

Nilikuwa nateremka mlima wa Kitonga, natoka Iringa kurudi Morogoro, Corolla yangu AE100 ya 1993 imebeba watu wanne na magunia mawili ya viazi. Kila nikikanyaga breki gari linavuta kulia, kule kule yanakopandia malori. Nilifika chini mikono inatetemeka. Gereji ya kwanza waliniuzia pedi mpya za bei kali, wakafunga, na gari likaendelea kuvuta vilevile.

Kwa hiyo sikiliza: gari likivuta kulia, anza kukagua kushoto. Upande unaovuta ndio unaoshika. Mgonjwa mara nyingi ni wa pili. Ila kama linavuta hata hujakanyaga, na rimu ya upande huo inachoma, hapo breki imeng'ang'ania.

Zuia matairi kwa mawe, pandisha kwa jeki, kisha liketishe gari juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kwangu kosa lilikuwa kwenye pini za kalipa ya kushoto, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Moja ilitoka kwa vidole, ya pili kwa nyundo. Grisi yake ilikuwa imekauka imekuwa kama ulimbo. Pedi mpya ya ndani ilishaanza kulika, ya nje haijaguswa. Nilisugua pini kwa msasa laini nikapaka grisi ya breki. Grisi ya kawaida na oili ya injini huvimbisha mipira, usizitumie. Sukuma pistoni irudi ndani. Ikigoma, au ukiona kutu, badilisha. Na mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, kama ina umri wa gari, badilisha mipira yote. Kwa nje mpira unaonekana mzima, kumbe ndani umevimba: ukikanyaga mafuta yanapita, ukiachia hayarudi.

Nyuma kuna dramu. Laini (vile vitambaa vya breki ndani ya dramu) zikiwa na mafuta, whili silinda, yaani silinda ndogo ya breki pale gurudumuni, inavuja, na laini hizo tupa, hata ukiziosha hazifai. Vumbi lifute kwa kitambaa chenye maji. Usilipulize, laini za zamani huweza kuwa na asbesto. Kaza kigurudumu cha kurekebishia mpaka gurudumu lisuguane, kisha legeza kidogo kidogo lizunguke kwa msuguano mwepesi. Pande zote mbili sawa.

Sasa ndipo uongeze nguvu: diski mpya mbili, pedi nzuri za pande zote mbili, na mafuta ya breki ya DOT 4. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 kuanzia 230. Yakishanyonya unyevu viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155, na mlimani pedeli inazama kwa sababu unakanyaga mvuke. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye. Na atakayekushauri uondoe vali inayopunguza presha ya nyuma, mkatalie kabisa. Ukifunga breki uzito unakimbilia mbele. Matairi ya nyuma yakikaza kwanza, gari linageuka.

Toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na master silinda (pampu kuu ya breki); kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Msaidizi akanyage, fungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo), funga, ndipo aachie. Kopo la mafuta lisikauke.

Pedi mpya zizoeshe: toka kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara kumi, bila kusimama kabisa, ukiziacha zipoe kati ya mara na mara. Kisha tafuta barabara ya vumbi iliyonyooka, isiyo na watu. Ukiwa kwenye 40, kanyaga kwa nguvu, shuka, soma ardhi. Michirizi ya mbele iwe na urefu mmoja, na isiwepo ya nyuma iliyotangulia. Yangu kushoto ilikuwa fupi kwa kama hatua moja, nikarudi kutoa upepo tena. Mara ya pili michirizi ililingana, na wiki iliyofuata niliteremka Kitonga, gia ya pili, usukani umetulia.