Kifusi safi hakikosi mchukuaji: kuondoa udongo na mabaki ya ujenzi Dar es Salaam ukiwa ughaibuni

Umechimbisha karo jipya nyumbani kwako Tabata, au umebomoa banda la uani Mbezi upate nafasi ya bustani. Fundi kamaliza kazi, kalipwa, kaondoka. Uani kumebaki kilima cha udongo na mabonge ya zege. Ndugu anayekusimamia kazi anapiga simu: kapatikana dereva wa tipa, anataka hela kwa tripu, na tripu zenyewe hajui zitakuwa ngapi. Wengi walio nje huishia hapo kutuma pesa bila hesabu, tena kwa kuondoa kitu ambacho mtaa wa pili kuna mtu anakitafuta.

Dar es Salaam ina viwanja vingi vilivyo chini, vinavyotuama maji kila mvua ikinyesha, na wenye viwanja hivyo hujaza kifusi kabla ya kujenga. Wapo Kigamboni, wapo Mbweni, wapo Tegeta, na mara nyingi wapo mtaa huohuo wa nyumba yako. Barabara za ndani nazo zina mashimo ambayo serikali ya mtaa ingependa yafukiwe. Ila wote hao wanataka kifusi safi: mchanga, udongo, vipande vya tofali na zege. Kikishachanganywa na matawi, chupa, nguo na mifuko ya plastiki, kinakuwa takataka, na takataka mwisho wake ni dampo. Dampo kuu la jiji ni Pugu Kinyamwezi, kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kutoka Bunju au Kigamboni, safari moja pamoja na foleni inaweza kumaliza nusu siku ya gari, na wewe ndiye unayeilipia hiyo nusu siku. Kwa hiyo gharama yako inaamuliwa uani kwako, kabla gari halijawasha injini.

Tenganisha wakati wa kuchimba

Kutenganisha lundo lililokwisha changanyika ni kazi ya siku mbili. Kutenganisha wakati wa kuchimba hakuongezi hata saa moja, mradi fundi aambiwe mapema na alama ziwekwe chini: hapa udongo wa juu, pale wa chini, kule zege.

Udongo wa juu, zile sentimita 15 hadi 20 za mwanzo zenye mboji na rangi iliyokolea, usiruhusu ufukiwe chini ya mwingine. Huo ni wa bustani. Usipouhitaji, waulizwe wauza miche na maua, kama wale walio kando ya Barabara ya Bagamoyo. Wao huhitaji udongo wa kujazia viroba na vyungu, na anayeuhitaji hufuata mwenyewe. Hakikisha tu hauna vipande vya chokaa wala saruji, kwa sababu miche mingi haistawi humo.

Udongo wa chini ukiwa mchanga au ule mwekundu wa milimani, kama wa Kimara, ni kifusi kizuri cha kujazia. Ukiwa mfinyanzi mweusi wa mabondeni, mwambie ukweli anayeuchukua. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo haufai kuwekwa chini ya msingi wala sakafu. Unaweza kujaza sehemu ya wazi isiyojengwa, basi.

Zege na tofali zivunjwe hadi vipande vya ukubwa wa ngumi. Vikubwa zaidi ya hapo huacha mapengo chini ya kifusi, udongo ukazama taratibu, na sakafu itakayojengwa juu yake ikapasuka. Nondo zitolewe ziuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Wanunuzi wa skrepa hupita mitaani na mikokoteni kila siku, na fedha hiyo inaweza kusaidia kulipa vijana wa kupakia. Mabati, mbao, fremu za milango na madirisha zitoke kabla nyundo haijaanza, maana zikishazikwa chini ya tofali zimeharibika. Mbao na mizizi inayobaki ndani ya kifusi huita mchwa, na ikioza ardhi inabonyea.

Vitu viwili visiingie kwenye lundo lolote. Cha kwanza ni mapaa ya zamani ya asbesto. Yakivunjwa hutoa nyuzi ndogo zinazoharibu mapafu ya anayezivuta, na madhara huonekana miaka mingi baadaye. Yasikatwe wala kupondwa. Yalowanishwe maji, yafungwe kwenye plastiki nene, na ofisi ya mazingira ya manispaa iulizwe yapelekwe wapi. Cha pili ni udongo mweusi unaonuka kutoka ubavuni mwa karo la zamani. Usimpe mtu wa bustani ya mboga hata akiusifia rutuba yake.

Jua una kiasi gani

Dereva anayesema "hizi tripu kumi" anakadiria kwa macho, na jicho la muuzaji lina upande wake. Pima.

Lundo la duara lina njia rahisi. Pima upana wake chini, ugawe kwa mbili. Zidisha nusu hiyo kwa yenyewe, kisha zidisha kwa kimo cha lundo. Lundo lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 1.5 ni 2 × 2 × 1.5, yaani mita 6 za ujazo. Hesabu kamili ingezidi hapo kwa sehemu ndogo tu.

Ukitaka kujua kabla ya kuchimba, kumbuka kwamba udongo ukitoka ardhini unavimba. Mchanga huongezeka kwa asilimia 10 hadi 15, tifutifu kama asilimia 25, mfinyanzi hata 30 hadi 40. Chukua karo la kawaida lenye kipenyo cha mita 2 na kina cha mita 3: shimo ni mita 9.4 za ujazo, lakini udongo utakaolala uani, ukiwa tifutifu, ni karibu mita 12. Hizo ni kama toroli 190. Zege nalo lina yake: sakafu ya mita 20 za mraba yenye unene wa sentimita 10 ni mita 2 za ujazo zenye uzito unaokaribia tani 5, na ikivunjwa inachukua nafasi ya mita 3.

Uzito ndio unaovunja springi za gari. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu uliochimbuliwa ina tani 1.2 hadi 1.4, ukinyeshewa inafika 1.6 na kuzidi. Kwa hiyo udongo uleule uliokaa wazi wakati wa masika, Machi hadi Mei, unahitaji tripu nyingi kuliko ungeondolewa ukiwa mkavu, na mfinyanzi uliolowa hung'ang'ania bodi wakati wa kumwaga. Panga kazi kati ya Juni na Septemba ukiweza. Ukishindwa, nunua turubai.

Lundo likae mbali na ukuta wa fensi, walau mita moja. Ukuta wa tofali za inchi 6 haukujengwa kuzuia udongo. Mvua ikilowanisha lundo lililoegemezwa, ukuta unasukumwa nje, na huko nje kunapita watoto wa watu. Wala lisizunguke shina la mwembe. Mizizi hukosa hewa na mti hufa pole pole, mwaka unaofuata watu wakauliza ni ugonjwa gani.

Kabla ya kutoa, angalia kama utautumia

Udongo usiosafirishwa ndio wa bei ndogo kuliko wote. Mita 12 zile za karo zinatosha kuinua uwanja wa mita 100 za mraba kwa sentimita 10 hivi baada ya kushindiliwa. Kama uani kwako maji hutuama, una jibu tayari. Mwaga kwa tabaka la sentimita 15, nyunyizia maji, shindilia, kisha tabaka lingine. Anayemwaga lote kwa mkupuo atashuhudia mashimo msimu wa mvua. Usawa mpya ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, la sivyo unyevu utapanda ukutani na rangi itabanduka. Na maji yaelekezwe kwenye mtaro, yasiende kwa jirani; kesi za maji ya jirani haziishi, na wewe hupo kuzisuluhisha.

Gari lipi

Bodi ya kirikuu, ile pikapu ndogo, inadanganya macho. Ukiitazama unaona kama mita 0.8 za ujazo, lakini gari lenyewe limeundwa kubeba kilo 350, na hizo ni robo mita tu ya udongo. Ukitajiwa kwa kirikuu robo ya bei ya Canter, lori dogo la mita 2, usione ni nafuu: kwa kila mita ya ujazo umelipa karibu mara mbili. Kirikuu, na guta na Toyo za magurudumu matatu, zina kazi yake pale uchochoro unapokuwa mwembamba au mzigo ni viroba kumi na tano.

Canter ya tipa yenye bodi ya mita 3.1 kwa 1.7 kwa 0.4 hubeba mita 2 zikisawazishwa. Tipa la magurudumu kumi hubeba mita 10 hadi 14, kwa hiyo karo zima linaondoka kwa tripu moja. Kama linafika, hilo ndilo la kuchukua. Lakini kufika ni suala kubwa. Mpe ndugu yako futi kamba apime uchochoro. Tipa lina upana wa mita 2.5 na linataka nafasi ya kukata kona. Aangalie nyaya za umeme juu, na aonyeshe kwa chaki lilipo karo la zamani na mabomba ya maji. Mfuniko wa karo unaobeba watu na gari dogo bila shida hauwezi tani 25 za tipa lililojaa. Mara nyingi ni afadhali tipa lisimame barabarani na vijana wavute kwa toroli, ingawa inaongeza siku. Kifusi kisilale barabarani usiku bila serikali ya mtaa kujua.

Kila bei unayotajiwa, igawe kwa mita za ujazo. Uliza pia kama vijana wa kupakia wamo ndani ya bei hiyo. Mara nyingi hawamo, na gari linaposubiri wapakiaji linaanza kudai.

Kitaishia wapi

Aliyezoea kukodi kontena la taka London au Minneapolis amezoea bei inayojumuisha mwisho wa safari. Dar es Salaam bei ya tripu kwa kawaida ni ya kutoa kwako tu. Ukibana bei sana bila kuuliza mahali pa kumwaga, umemsukuma dereva kwenye korongo la karibu. Kifusi hicho kinasombwa hadi Mto Ng'ombe, Mlalakuwa au Msimbazi, mto unajaa mchanga, na maji yanaingia kwenye nyumba za watu. Jangwani, ambapo Barabara ya Morogoro hufungwa mvua kubwa zinaponyesha, kila mkazi wa jiji anapafahamu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufukwe wa bahari.

Kwa hiyo mtafute mpokeaji kwanza, gari baadaye. Ndugu aende kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa, aulize nani anajaza kiwanja na ni shimo gani la barabara linaruhusiwa kufukiwa. Mafundi wanaojenga karibu hujua. Mpokeaji akiwa umbali wa kilomita moja au mbili, huenda akakubali kuchangia mafuta au kulipia gari lote. Akisema "mwaga tu pale bondeni, ni pangu", aonyeshe hati au barua ya serikali ya mtaa. Hana, tafuta mwingine.

Pesa na ushahidi

Patana bei ya kazi nzima, kisha uyagawe malipo kwa awamu. Ukilipa kwa tripu, zitahesabiwa hata zilizojaa nusu. Ukilipa kazi nzima yote mbele, mzigo utamwagwa jirani. Ujumbe kama huu unatosha:

"Mjomba shikamoo. Naomba tipa likifika lipigwe picha likiwa tupu, namba zionekane, halafu likishajaa. Nitatuma nusu ya hela likijaa. Nusu nyingine nitatuma nikipata lokesheni na video likimwaga, na namba ya simu ya anayepokea. Vijana wa kupakia nitawatumia mwenyewe kwa simu zao. Nishukurie sana Shangazi pia."

Panga na muda. Saa mbili asubuhi Dar es Salaam, New York bado ni usiku wa manane, na gari linalosubiri uamke ulipe litaondoka au litaongeza bei. Mwachie msimamizi sehemu ya kwanza ya malipo tangu jana yake.

Salio la mwisho la msimamizi libaki hadi upate video moja ya kuzunguka uani kote: mfuniko wa karo haujapasuka, mtaro wa mbele haujazibwa na udongo uliodondoka, ukuta wa geti haujagongwa, na barabara ya jirani imefagiliwa.