Somo: Jinsi ya Kuoka Biskuti za Oti na Zabibu Kavu za Kukata Vipande, Laini na za Kutafuna

Biskuti za somo hili hazitengenezwi moja moja. Mchanganyiko wote huwekwa kwenye trei moja, husawazishwa, huokwa kwa pamoja, kisha hukatwa vipande vya mraba baada ya kupoa. Njia hiyo hupunguza kazi, lakini faida yake kubwa zaidi iko kwenye ulaini: biskuti ndogo iliyookwa peke yake hukauka kutoka pande zote, ilhali mchanganyiko mnene uliojaa trei hukauka zaidi pembezoni na kubaki na unyevu katikati. Kwa hiyo anayependa biskuti inayopinda kidogo kabla ya kukatika, na ambayo mtu huitafuna badala ya kuivunja kwa meno, ataipata kwa urahisi zaidi kwa njia ya trei.

Nitaeleza sababu ya kila hatua, kwa kuwa katika biskuti hizi kila kosa huishia kwenye ukavu, na ukavu huo huwa na chanzo chake, ama kwenye sukari, ama kwenye zabibu, ama kwenye dakika za mwisho ndani ya oveni.

Mahitaji

Vipimo hivi vinatosha trei ya mraba yenye upande wa sentimita 20, nayo hutoa vipande 16. Mwenye trei ya sentimita 23 kwa 33 azidishe kila kitu mara mbili.

Siagi isiyo na chumvi, gramu 115
Sukari ya kahawia, gramu 120
Sukari nyeupe, gramu 40
Yai kubwa 1 zima, pamoja na kiini cha yai jingine 1
Vanila, kijiko 1 cha chai
Unga wa ngano wa kawaida, gramu 110
Bekingi soda, nusu kijiko cha chai
Mdalasini wa unga, kijiko 1 cha chai
Chumvi, robo kijiko cha chai
Oti nzima zilizobanwa, gramu 135, yaani kama kikombe kimoja na nusu
Zabibu kavu, gramu 100

Nakusihi utumie mizani kama unayo, hasa kwa unga. Kikombe cha unga uliomwagiwa taratibu kwa kijiko huwa na takribani gramu 125, lakini kikombe hichohicho kikichovywa ndani ya mfuko na kushindiliwa huweza kubeba gramu 150 au zaidi, na ziada hiyo peke yake inatosha kuzifanya biskuti ziwe ngumu. Asiye na mizani aukoroge unga kwanza ili uachane, aujaze kikombe kwa kijiko, kisha akwangue juu kwa mgongo wa kisu.

Hatua ya kwanza: kuloweka zabibu

Weka zabibu kwenye bakuli, zimwagie maji ya moto hadi zifunikwe, ziache kwa dakika 10 hadi 15, kisha zichuje na kuzikausha vizuri kwa kitambaa safi. Wengi huiruka hatua hii kwa kudhani kwamba zabibu zitalainika zenyewe ndani ya oveni. Kinachotokea ni kinyume chake: zabibu kavu huvuta maji kutoka kwenye mchanganyiko unaozizunguka, na zile zilizojitokeza juu huungua, zikawa chungu na ngumu. Zilizolowekwa huingia zikiwa zimeshiba, kwa hiyo haziupokonyi mchanganyiko unyevu wake. Usiache kuzikausha, kwa sababu maji yanayobaki juu ya ngozi ya zabibu hulainisha unga uliozigusa na kuacha madoa mabichi ndani ya kipande.

Hatua ya pili: oveni na trei

Washa oveni kwenye nyuzi joto 175 za Selsiasi, na uweke waya wa kupangia katikati. Tandika karatasi ya kuokea ndani ya trei huku ukiacha ncha mbili zining'inie nje, kwani ndizo utakazoshika kuinulia biskuti zote kwa mara moja.

Hatua ya tatu: siagi na sukari

Yeyusha siagi kwa moto mdogo, kisha iache ipoe hadi uweze kuigusa bila kuungua. Katika keki nyingi tunaipiga siagi laini pamoja na sukari ili kuingiza hewa, lakini hapa hewa haitakiwi, kwa kuwa hewa huleta wepesi wa keki na sisi tunatafuta uzito wa kutafuna. Siagi iliyoyeyuka hutoa biskuti iliyoshikamana.

Mimina siagi juu ya sukari zote mbili na ukoroge kwa mchapo kwa muda wa dakika moja. Sukari ya kahawia ndiyo nguzo ya mapishi haya. Ndani yake mna molasi, yaani maji mazito meusi ya miwa, na molasi ina glukosi na fruktosi ambazo hushika maji na kuyazuia yasitoroke upesi, ilhali sukari nyeupe ikipoa huganda tena na kuleta ukavu unaovunjika. Nimeibakiza kidogo sukari nyeupe kwa ajili ya kingo na uso wa juu tu, ili vipate ugumu mwembamba unaopendeza. Molasi pia ina asidi kidogo, na asidi hiyo ndiyo inayoiamsha bekingi soda.

Ongeza yai zima, kiini na vanila, kisha koroga hadi mchanganyiko ung'ae na uwe mzito. Hakikisha siagi haina moto wakati huo, la sivyo yai litaanza kuiva ndani ya bakuli. Kiini cha ziada huongeza mafuta na kuzishikanisha maji na siagi. Ute wake umeachwa nje kwa makusudi, kwani ute mwingi hukausha.

Hatua ya nne: unga, oti na zabibu

Katika bakuli jingine, changanya unga, bekingi soda, mdalasini na chumvi. Vimwage juu ya mchanganyiko wa siagi na ugeuze kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane tena, kisha uache papo hapo. Ukiendelea kukoroga, unga wa ngano hujenga gluteni, yaani nyuzi za protini zinazovutana, na biskuti huwa ngumu za kuvutana. Ingiza oti na zabibu, ukigeuza kutoka chini kwenda juu mara chache tu.

Sasa funika bakuli na uliache kwa dakika 20 hadi 30. Ukitazama kabla na baada, utaona tofauti kwa macho: mwanzoni oti zinateleza na siagi inang'aa kati yake, lakini baada ya muda huo mng'ao unapungua, mchanganyiko unakuwa mzito, na ukiuchota kwa kijiko unasimama bila kutiririka. Oti zimekunywa maji ya yai na siagi, na sasa zitaiva kwa unyevu wao wenyewe badala ya kubaki kavu katikati.

Hatua ya tano: kuoka

Hamishia mchanganyiko kwenye trei na uusambaze hadi kwenye pembe kwa mgongo wa kijiko kilicholoweshwa. Sawazisha bila kushindilia kwa nguvu. Oka kwa dakika 22 hadi 25, ukianza kuchungulia kwenye dakika ya 20.

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, na ninaomba usome kwa makini. Biskuti hizi hutolewa zikiwa bado hazionekani kuwa tayari. Kingo ziwe zimeshika rangi ya dhahabu na kuanza kuachana na karatasi, uso wa katikati uwe umepoteza mng'ao wa ubichi, lakini ukiubonyeza taratibu kwa kidole uache bonyeo dogo linalorudi polepole. Ukitikisa trei, katikati pasicheze kama uji. Pakicheza, rudisha kwa dakika mbili. Usitumie kipimo cha keki cha kuchoma kijiti na kungoja kitoke kikavu, kwa maana kijiti kikitoka kikavu, umechelewa. Kitoke na chembe chembe zenye unyevu. Trei ya moto huendelea kuziivisha biskuti kwa dakika kadhaa baada ya kutoka, na kazi hiyo iliyobaki inapaswa kufanyika nje ya oveni.

Hatua ya sita: kupoa na kukata

Ziache ndani ya trei hadi zipoe kabisa, kwa kawaida saa moja au zaidi. Zikiwa na joto, siagi yake ni kimiminika na sukari haijashika, kwa hiyo kisu kitazirarua. Zikishapoa, zinyanyue kwa karatasi, tumia kisu kirefu chenye makali, bonyeza kutoka juu kwenda chini badala ya kukokota, na ufute kisu kila baada ya mkato.

Maswali ya wanachama

Swali: Ahsante kwa somo, mwalimu. Zangu zilimomonyoka nilipokata ingawa vipimo nilifuata. Tatizo laweza kuwa nini?

Jibu: Karibu sana. Kwanza jiulize kama zilikuwa zimepoa kabisa, kwa kuwa hiyo ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi. Kama zilikuwa baridi, basi ama unga ulizidi kwa kupimwa kwa kikombe kilichoshindiliwa, ama zilikaa ovenini kupita kiasi. Dalili ya kuzidi muda ni rangi: katikati ikiwa na rangi moja na kingo, zimepitiliza.

Swali: Nyumbani nina zile oti laini za kuiva haraka. Zinafaa?

Jibu: Zinafaa, ila vipande vitakuwa vya kushikana zaidi na mtafuno utapungua, kwa sababu oti hizo zimekatwa ndogo na hunywa maji upesi. Punguza muda wa kupumzisha mchanganyiko hadi dakika 10. Zile za punje zilizokatwa kwa chuma bila kubanwa usizitumie hapa, kwani hazitapata maji wala muda wa kulainika na zitabaki kama changarawe.

Swali: Mwalimu, kwetu hatupendi sukari nyingi. Naweza kupunguza nusu?

Jibu: Nusu ni nyingi mno. Sukari hapa hushika maji, kwa hiyo ukiiondoa kwa wingi huo utapata kipande kikavu kinachofanana na mkate. Ondoa ile nyeupe yote kwanza, gramu 40, na uionje ladha yake, maana zabibu nazo zina utamu wao. Ile ya kahawia naomba uiache ilivyo.

Swali: Sukari ya kahawia haipatikani karibu nami. Nifanyeje?

Jibu: Chukua sukari nyeupe na uifikiche na molasi kwa kipimo cha kijiko 1 cha chakula kwa kila gramu 200 za sukari, hadi rangi isambae sawasawa. Ukikosa molasi, tumia asali badala ya gramu 40 za sukari ya kahawia na sukari nyeupe kwa zilizobaki. Asali huwahi kushika rangi, kwa hiyo chungulia mapema.

Swali: Naomba kuuliza, je, margarini itakubali badala ya siagi?

Jibu: Angalia kiasi cha mafuta kilichoandikwa kwenye pakiti. Siagi ina mafuta ya asilimia 80 hivi. Margarini ngumu ya kuokea yenye kiwango kama hicho itafanya kazi, ingawa ladha itapungua. Ile laini ya kupaka mkate mara nyingi ina maji mengi zaidi, na maji hayo huzifanya biskuti zivimbe kama keki.

Swali: Mwanangu hali mayai. Kuna njia?

Jibu: Ipo. Changanya kijiko 1 cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa na vijiko 3 vya chakula vya maji, acha dakika 10 hadi mchanganyiko uwe na ute, kisha uutumie badala ya yai na kiini. Vipande vitakuwa vizito zaidi kidogo, na katika biskuti za aina hii uzito huo si hasara. Viache vipoe kwa muda mrefu zaidi kabla ya kukata.

Swali: Je, mtu asiyetakiwa kula gluteni anaweza kula hizi akibadilisha unga?

Jibu: Kubadilisha unga peke yake hakutoshi. Oti zenyewe hazina gluteni ya ngano, lakini mara nyingi huchanganyika na ngano au shayiri shambani na kiwandani, kwa hiyo ni lazima pakiti iwe imeandikwa kwamba oti zake hazina gluteni. Tena wapo wachache wenye ugonjwa wa siliaki, yaani ule ambao gluteni huudhuru utumbo, ambao miili yao haizikubali hata oti safi, na hao wamsikilize daktari wao kwanza.

Swali: Oveni yangu ina feni, na trei yangu ni ya kioo. Nibadilishe nini?

Jibu: Kwa feni, shusha joto hadi nyuzi 155 au 160, kwani hewa inayozunguka hukausha uso upesi. Kioo nacho huchelewa kupata moto lakini hukaa nao muda mrefu, kwa hiyo kingo zitaendelea kuiva sana baada ya kutoka. Zitoe mapema kidogo kuliko ambavyo ungezitoa kwenye trei ya chuma, na dakika kumi baadaye zinyanyue kwa karatasi kwa uangalifu, ukiwa umeshika ncha zote mbili, uzimalizie kupoa juu ya waya.

Swali: Zinakaa siku ngapi, na je, niziweke kwenye friji?

Jibu: Kwenye chombo kinachofungwa vizuri hukaa siku 4 hadi 5 katika joto la kawaida la ndani, na siku ya pili huwa tamu zaidi kwa sababu unyevu umesambaa sawasawa. Friji huzifanya ngumu, kwa hiyo siipendekezi. Ukitaka kuziweka kwa muda mrefu, funga kila kipande peke yake na ugandishe kwa hadi miezi 3. Siku ya kula, ziache ziyeyuke zikiwa bado zimefungwa, ili maji yatakayotonea yabaki juu ya kifungio.