Mshipi wa kusukwa: anza na nailoni kwenye spuli

Kabla hujajaza mshipi wa kusukwa (uzi wa kuvulia samaki uliosukwa kwa nyuzi nyembamba) kwenye rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi, tanguliza mshipi wa nailoni kwenye spuli yake, mizunguko kumi hivi inatosha. Mshipi wa kusukwa unateleza. Ukiufunga moja kwa moja kwenye spuli ya chuma, samaki akivuta unazunguka wote kwa pamoja, nawe unadhani breki ya rili imekufa.

Unene uchague kwa rili. Ile ambayo spuli yake haizunguki unaporusha hupenda mwembamba, wa kuhimili mvuto wa kilo 5 hadi 9: unatoka vizuri, chambo kinafika mbali. Kwenye rili ya spuli inayozunguka, mwembamba huo utakutesa. Ukivuta kwa nguvu unajichimbia kati ya mizunguko ya chini, na ukirusha tena unakwama ghafla, tap! Chambo kinakatika na kwenda zake. Hapo anzia kilo 14. Penye majani mazito panda hadi 23.

Fimbo ikiwa ngumu, legeza breki kidogo, maana mshipi huu haunyumbuki na ndoana huchana mdomo wa samaki. Penye miamba mimi huunga mita moja ya nailoni nene mbele, kwa sababu mwamba huukata wa kusukwa upesi mno.