Jinsi ya kuseti nyumba kwa kontrola ya GPS, kuanzia faili la ramani mpaka kigingi

Wakuu, hii ni kwa mafundi sanifu na vijana wa saiti ambao wamekabidhiwa rova (kipokezi cha GPS cha kwenye poli, unachotembea nacho) na kontrola (kifaa cha mkononi cha kuiendesha) wakaambiwa "kaseti ile nyumba", yaani weka vigingi vya pembe zake ardhini, basi, hakuna maelezo mengine. Iwe kontrola yako ina programu ya LandStar, SurPad au Carlson SurvCE, majina ya menyu yanapishana ila mtiririko ni ule ule. Niseme mapema tu, kupima mipaka kwa ajili ya hati ni kazi ya mpima mwenye leseni na ramani yake inapitishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, sisi hapa tunahamisha mchoro wa jengo kwenda ardhini ndani ya bikoni (alama za mipaka zilizopimwa) ambazo zipo tayari. Tuchukue nyumba ya mita 14 kwa 10, kiwanja kipo Kigamboni.

Hatua ya 1: Projekti na mfumo wa kodineti

Hapa watu wanapita fasta na hapa ndo kazi nyingi zinaharibikia, kabla hata hujatoka ofisini. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zipo kwenye datamu (msingi wa kuhesabia kodineti) ya Arc 1960, ila mashine yako ukiifungua hivi hivi inaongea WGS84, datamu ya GPS. Ukichanganya hizo mbili nyumba inahama karibu mita 300 kwenda kaskazini au kusini, na pembeni inahama karibu mita 100, yaani unaenda kuchimba msingi mtaa wa pili. Soma pembeni ya ramani imeandikwaje, kama haijaandikwa mpigie simu aliyeichora, usibahatishe.

Baada ya hapo zoni ya UTM, yaani gridi ya kodineti za mita iliyogawanywa kwa vipande vya longitudo. Dar, Tanga, Morogoro, Arusha ni UTM zoni 37 kusini. Dodoma mjini ni zoni 36, lakini ukienda Kongwa tu hapo umeshavuka nyuzi 36 mashariki uko zoni 37, kwa hiyo jamaa wa Dodoma muwe macho sana. Kigoma mjini ni 35.

Hatua ya 2: Kuingiza pointi

Toa pembe za jengo kwenye mchoro ziwe CSV (faili la orodha ya kodineti) halafu uingize kwenye kontrola. Programu itakuuliza mpangilio: jina, kaskazini, mashariki, kimo, au mashariki ianze. Kwa Dar ni rahisi kujua, mashariki ina tarakimu sita inaanza na 5, kaskazini ina tarakimu saba inaanza na 92. Ukishaingiza fungua ramani ndani ya kontrola uone umbo la nyumba, kama limelala au limegeuka kama kwenye kioo basi umebadilishana safu za kaskazini na mashariki.

Hatua ya 3: Besi na rova

Besi, yaani kipokezi kinachokaa sehemu moja na kuitumia rova masahihisho, iweke juu ya bikoni yenye kodineti unazozijua, andika kodineti zake kwa mkono, usibonyeze ile ya "chukua hapa nilipo". Ukibonyeza hiyo besi inajikadiria yenyewe, inaweza kukosea mita kadhaa na kazi yote inahama nayo, halafu kesho ukiifunga tena inakuja na jibu jingine. Kama eneo lina mtandao na una akaunti ya NTRIP (masahihisho yanayokuja kwa intaneti) weka laini na bando, besi huihitaji.

Urefu wa poli: kama ni mita 2 andika 2.000 na uangalie kontrola inataka urefu mpaka chini ya antena au mpaka kitovu chake. Kuhusu vimo, usishtuke ukiona hasi wakati umesimama pakavu kabisa, hiyo ni kwa sababu satelaiti inapima kutoka kwenye duaradufu (umbo la kihesabu la dunia) sio usawa wa bahari na pwani yetu tofauti inazidi mita 20. Weka modeli ya jioidi inayogeuza vimo hivyo viwe vya usawa wa bahari, au chukua kimo cha benchi maki (alama yenye kimo kinachojulikana) iliyo karibu ufanye kazi na hicho.

Hatua ya 4: Hakiki kwanza

Nenda kwenye bikoni nyingine, sio ile ya besi, pima. Ukipata ndani ya senti 2 au 3 endelea. Ukipata zaidi simama hapo hapo, rudi hatua ya 1 na ya 3, usianze kujipa moyo eti "si tofauti kubwa".

Hatua ya 5: Kuseti

Subiri kontrola iandike Fixed, yaani jibu la usahihi wa sentimita. Ikiandika Float, yaani bado haijatulia, hata kama namba zinaonekana nzuri acha, hiyo inaweza kuwa nje kwa nusu mita. Chini ya mwembe au karibu na ukuta wa bati inaweza kukudanganya hata ikiwa Fixed, dawa yake ni kukata ishara, iache ijipange upya, upime mara ya pili uone kama jibu ni lile lile.

Chagua pointi, fuata mshale, ukibakiza kama nusu mita punguza mwendo na uangalie namba badala ya mshale. Pimamaji ya poli ikae katikati kweli, kwenye poli ya mita 2 ukiinama nyuzi 1 tu umeshakosa senti 3.5. Gonga kigingi, halafu seti tena juu ya kigingi chenyewe na uweke msumari, maana kigingi kikigongwa huwa kinahama.

Pembe nne zikikamilika weka kontrola chini, chukua futi (tepu ya kupimia). Mlalo kwa mlalo, yaani kona mpaka kona ya mkabala, lazima upate mita 17.20 pande zote mbili, zikitofautiana kwa zaidi ya senti moja au mbili rudia pembe yenye mashaka. Halafu toa vigingi vya nje, mita 1.5 mpaka 2 kutoka kwenye mstari, ufunge na mbao za profaili, kwa sababu wachimbaji wakianza vile vya pembe havimalizi asubuhi.

Kitu kingine, Dar mita 100 za futi kwenye gridi ya UTM zinasomeka 99.96. Kwa nyumba yetu ni kama nusu senti, achana nayo, ila kwenye barabara ya kilomita 1 ni senti 40 na mkandarasi atakuuliza zimeenda wapi. Dodoma mambo yanageuka, gridi inakuwa ndefu kuliko ardhi, karibu senti 5 kwa kila mita 100.

Hatua ya 6: Kutoa data

Kabla hujafungua tripodi pima vigingi ulivyoweka kama pointi za kawaida, utoe CSV ya ulichoseti na ulichopata. Mchoraji mtumie DXF (faili la mchoro wa kompyuta), na jina la faili libebe datamu na zoni, mfano kigamboni_arc1960_37S, ili asikupigie simu saa nne usiku.