Jinsi ya kupata waya wa kompyuta unaokubali kwenye skana ya redio ya zamani

Kama una skana ya redio ya mkononi ya kitambo, hizi za betri za AA na antena ya mpira, na vidole vimeshachoka kuingiza frikwensi moja moja, unataka waya wa kuziingiza kwa kompyuta, soma hii kabla hujatoa hela yako kwa muuza waya yeyote. Mimi niko huku Marekani, jirani yangu mzee mmoja alikua anahama akaniachia skana yake, Uniden BC246T (Uniden ni kampuni, BC246T ni modeli), alikua anasikilizia treni na ndege miaka nenda rudi, redio nzima kabisa ila waya wa kompyuta hakumbuki aliuweka wapi. Nikanunua waya wa kwanza ukakataa, wa pili ukakataa, wa tatu ndo ukakubali, na kila mara nilikosea kitu tofauti. Toka hapo nimeulizwa hili swali mara nyingi kwahiyo naandika yote sehemu moja.

Kitu ambacho nataka ukishike toka mwanzo ni kwamba waya kuingia kwenye tundu sio ushahidi kwamba utafanya kazi. Kuna mambo matatu lazima yakubaliane, umbo la plagi, umeme unaopita ndani yake, na chipu inayoongea na kompyuta. Watu wengi wanaangalia la kwanza tu.

Anza na jina la redio. Itoe betri, soma lebo, andika jina lote herufi kwa herufi, usiseme tu "ni Uniden" mana Uniden zipo za kila namna. BCD396T na BCD396XT zinatumia waya mmoja, lakini BCD436HP iliyokuja baadaye haitaki huo, yenyewe ni mini-USB ya kawaida. BC125AT nayo ni mini-USB ya kawaida, ule ule wa kamera na mp3 za zamani, kwahiyo kama unayo hio huna haja ya kutafuta waya wa ajabu, fungua droo ya nyumbani kwanza (ila hakikisha ni waya wa data, kuna waya zingine ndani zina nyaya za chaji tu). Na ukiona jina limeanza na UBC hio ni ya soko la nje ya Marekani, hasa Ulaya, mfano UBC3500XLT ni pacha wa BR330T ya Marekani, sasa ukikosa waya kwa jina moja tafuta kwa jina la pacha wake, utashangaa vitu vinavyotokea.

Sasa tundu lenyewe. Hapa ndo nilipotea mara ya kwanza. BC246T, BR330T, BC346XT, BCD396T na BCD396XT ni ukoo mmoja kwenye suala la waya, zina tundu dogo pembeni ambalo ukilitazama haraka haraka unaapa ni mini-USB. Sio. Chukua tochi ya simu, mulika ndani, hesabu pini taratibu. Utakuta 4, wakati mini-USB ya kawaida ina 5, na umbo lake limetofautiana kidogo sana kwenye kona. Mimi nilichukua waya wa kamera nikajaribu kusukuma, ukaingia nusu ukagoma, nikauacha hapo hapo na nashukuru niliacha, mana zile pini ni nyembamba sana na ukizipinda ndo umeua tundu. Na hata plagi ingeingia, ndani ya lile tundu hakuna USB kabisa, ni serial, ile ile ya kompyuta za zamani zenye plagi ya pini 9. Ukiunga USB tupu pale kompyuta haiwezi kuona chochote.

Kwa ukoo huu waya wa kutafuta unaitwa USB-1, ni wa Uniden wenyewe, una chipu ndani inayogeuza USB kuwa serial. Ule ule unaingia pia kwenye tundu la mbele la skana za gari kama BCT15 na BCD996T, kwahiyo hata ukiona mtu anauuzia skana ya gari usiupite. Njia ya pili, na mimi naipenda zaidi, ni kutafuta ule waya wa serial wenyewe wenye pini 4 upande wa redio na plagi ya pini 9 upande wa kompyuta, afu unanunua adapta ya USB kwenda serial peke yake. Faida yake ni kwamba adapta ikizingua unabadilisha adapta tu, waya wa redio ambao ndo adimu unabaki salama. Adapta hizi sio shida, hata Kariakoo au Luthuli Avenue utazipata mana mafundi wa netiweki wanazitumia kuingia kwenye router na switch. Waya wa skana ndo sijawahi kusikia mtu kaukuta dukani huko, huo agiza kwa ndugu aliyeko nje au mtandaoni.

Wenye RadioShack mna habari nyingine. PRO-95, PRO-96, PRO-97, PRO-106 na wenzao wana tundu la 3.5 mm limeandikwa PC/IF, linafanana na la earphone kabisa, na watu wanachukua waya wa AUX wanachomeka upande huu redio upande ule laptop halafu wanashangaa kwanini kimya. Ule waya wa AUX hauna chipu, hauwezi kutafsiri chochote. Skana hizo zilitengenezwa na GRE, kwahiyo waya wa GRE PSR-500 unaingiliana na wa PRO-106, na Whistler WS1040 iko humo humo mana muundo ni ule ule. RadioShack waliomba kufilisika 2015 kwahiyo waya zao sasa hivi nyingi ni za mtumba, ukitafuta tumia namba za katalogi, 20-047 au 20-546, hizo zinaleta majibu safi kuliko kuandika maneno mengi. Ukipata ya 20-047 na redio yako ni ya kizazi cha PRO-106 muulize muuzaji kama ameijaribu na modeli hio hio, usikubali jibu la "inaingia".

Icom IC-R5 na IC-R6 zinatumia OPC-478, plagi ya 3.5 mm inayoingia tundu la spika, yenye U mwishoni ndo ya USB. AOR AR8200 inataka CC8200 inayoingia kwenye soketi ya pembeni. Wa Baofeng je? Naulizwa sana hili kwasababu wengi nyumbani wana ule waya wa redio za walinzi wenye plagi mbili pamoja. Hauingii kwenye skana yoyote niliyotaja hapa, usiukate wala kuulazimisha.

Umeme sasa. Serial ya plagi ya pini 9 inafanya kazi kwa volti za pande mbili, chanya na hasi, kuanzia 3 mpaka 15, wakati chipu za ndani ya redio nyingi zinaongea kwa 0 hadi 3.3 au 0 hadi 5. Ndo mana waya zingine zina kibox kidogo katikati au plagi iliyovimba, mle ndani kuna kigeuzi. Ukitaka kutengeneza waya mwenyewe kwa kuchomelea, washa redio kwanza upime waya wa kutuma data kwa maltimita ikiwa imetulia haifanyi kitu. Ukiona hasi, mfano -5, hio ni serial halisi. Ukiona kama +3.3 au +5 ni ile ya chini, na ukiiunga moja kwa moja na plagi ya pini 9 ya kompyuta unaweza kuunguza redio. Kama huna maltimita wala hujawahi kuchomelea, nakuomba kwa moyo wote nunua waya uliotengenezwa tayari, nyingi ya hizi redio hazitengenezwi tena na ikifa imekufa.

Chipu ndo iliyonitesa mara ya pili. Waya ulikua sahihi kabisa kwa umbo, nimechomeka, Windows ikaleta alama ya njano kwenye Device Manager (ile orodha ya vifaa vya kompyuta) na maneno Code 10. Usiku mzima nabadilisha porti, nawasha na kuzima, bila bila. Kumbe chipu ya ndani ilikua bandia. Chipu ya PL2303 ya Prolific imeigwa sana, wenyewe wakaweka kwenye draiva zao (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na chipu) kinga ya kukataa za kuiga, na draiva mpya inaenda mbali zaidi, inakuandikia kabisa kwamba hii sio PL2303 wasiliana na aliyekuuzia, au kama ni chipu halisi ila ya zamani inakwambia PL2303HXA imesitishwa toka 2012. Hii ya pili inauma kwasababu waya wako ni halali kabisa, ni umri tu. Dawa yake ni kurudi draiva ya zamani, kwenye Device Manager bonyeza kulia hio porti, chagua kubadilisha draiva, afu chagua mwenyewe kwenye orodha toleo la nyuma. Windows ikijiapdeti inaweza kukurudishia mpya, kwahiyo ikigoma tena baada ya wiki mbili usidhani waya umekufa, angalia draiva kwanza.

Kama unanunua adapta upya chukua yenye chipu ya FTDI, FT232R, na uinunue kwa muuzaji anayeeleweka, mana nazo zinaigwa, na Oktoba 2014 draiva yao ilifikia kuzifungia zile za bandia zisitambulike tena kwenye kompyuta yoyote. CP2102 na CH340 nazo nimezitumia hazina shida. Ukiwa na Linux una bahati, chomeka tu, hata PL2303 ya zamani inatokea kama /dev/ttyUSB0, kitu cha kukumbuka ni kujiweka kwenye kundi la dialout usije ukanyimwa ruhusa.

Waya ukifika usikimbilie programu ya skana. Jaribu adapta peke yake kwanza. Chukua kipande kidogo cha waya au klipu ya karatasi, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwenye plagi ya pini 9, fungua PuTTY (programu ya bure ya kuandikiana na porti), chagua Serial, andika namba ya COM (jina la porti ya adapta, lipo Device Manager), na kwenye Flow control weka None. Andika herufi yoyote. Ikijirudia kwenye skrini basi kompyuta, draiva na adapta viko sawa, na ukitoa kile kiwaya herufi zinaacha kutokea. Hapo unajua tatizo lolote litakalobaki liko kwenye waya wa redio au redio yenyewe, na umeokoa masaa mengi ya kubahatisha.

Afu unga redio. Kwenye Uniden za ukoo wa BC246T ingia menyu, tafuta mpangilio wa serial port, angalia spidi iliyowekwa, weka hio hio kwenye PuTTY. Andika MDL kwa herufi kubwa (ni amri ya kuiuliza redio modeli yake), bonyeza Enter. Utakua huoni unachoandika, ni kawaida. Redio ikijibu MDL,BC246T umemaliza kazi ngumu yote. Mimi ilipojibu ile mara ya kwanza niliita mke wangu aje aone, mstari mmoja wa herufi lakini baada ya waya tatu ulikua mtamu. Ikileta alama za ajabu ajabu ni spidi hazijalingana. Ikikaa kimya, shusha spidi pande zote mbili mpaka 9600 ujaribu tena, halafu chomoa plagi ya redio uirudishe mpaka isikike imekaa.

Programu sasa, kwa Uniden hizi kuna FreeSCAN ya bure, kuna ProScan na ARC za kulipia. Kwa ukoo wa PSR-500 na PRO-106 kuna Win500, na PRO-96 ina Win96. Baadhi ya programu za zamani hazioni porti zenye namba kubwa, kwahiyo kama Windows imekupa COM17 ingia Device Manager, Port Settings, Advanced, uishushe iwe COM3 au COM4.

Sheria usiisahau. Sehemu nyingi huku Marekani kusikiliza tu hakuna kosa, ila kuna majimbo yanabana skana ndani ya gari, na kama uko Tanzania au Kenya waulize TCRA au Communications Authority kabla hujaagiza redio yenyewe.

Na ukishafungua programu, kitu cha kwanza kubonyeza ni kusoma kutoka kwenye redio, sio kuandika. Kila kitu mwenye redio alichokiingiza kiko mle. Kwenye ile ya mzee nilikuta chaneli za treni ameziandika kwa majina ya stesheni, moja moja, miaka yote ile. Nikaisevu ile faili sehemu mbili, nikamtumia na yeye nakala, ndo nikaanza kuweka zangu.